Valvu Isiyowaka Ipimwe Kabla ya Kutupwa

Msomaji aliyewahi kuingia katika ghala la shule ya sekondari ya zamani huenda amekutana na sanduku la chuma lililofunikwa na vumbi, lenye vifundo vitatu au vinne mbele na vichupa vya kioo vilivyosimama juu yake kama mishumaa. Hiyo ni amplifaya ya valvu, yaani mashine iliyokuza sauti ya mwalimu mkuu na ya santuri ukumbini kabla ya transista kuenea. Juu yake aghalabu pamebandikwa karatasi yenye neno moja: mbovu. Majumbani nako zimo redio za mbao za ukoo huo huo, zilizonunuliwa katika miaka ambayo Sauti ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 1951, ilikuwa jambo jipya masikioni mwa watu. Nyingi kati ya hizo nilizopata kuzifungua zilikuwa zimehukumiwa kwa sababu moja tu: fundi aliona valvu haiwaki, akasema imekufa.

Nia yangu ni kuipinga desturi hiyo, wala siipingi kama mtu asiye na hatia. Mimi mwenyewe, nikiwa mwalimu wa fizikia katika shule moja ya pwani, nilitupa valvu mbili nzima kabisa na kuomba fedha ya shule ili kuagiza nyingine kutoka ng'ambo. Aliyenizindua ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Nitaieleza habari hiyo kwa ukamilifu, kwa kuwa sikukosea kwa uvivu wa kupima. Nilipima, na mita ilisema kweli. Aliyeielewa vibaya ni mimi.

Kazi ya hita

Tuanze na chombo chenyewe. Ndani ya valvu hewa imeondolewa na kubaki ombwe. Katikati husimama mrija mwembamba wa nikeli uliopakwa oksidi za bariamu na strontiamu. Huo ndio kathodi. Oksidi hizo zikipashwa moto hadi nyuzi 700 au 800 hivi za Selsiasi, elektroni huchomoka juu yake na kuruka kuelekea anodi, ambayo ina volti nyingi chanya. Pasipo joto hilo hakuna elektroni zitokazo, na pasipo elektroni valvu ni chupa tu. Joto lenyewe hutoka katika uzi mwembamba wa tangsteni uliokunjwa ndani ya mrija huo. Mafundi huuita hita, nami nitalitumia neno hilo. Hita imepakwa ganda jeupe la oksidi ya alumini ili isigusane na kathodi kwa umeme, ingawa ziko karibu kiasi cha kupeana joto.

Valvu nyingi za amplifaya hutumia volti 6.3 katika hita zake. Tarakimu hiyo humshangaza kila mwanafunzi, naye hustahili jibu. Asili yake ni betri ya gari. Seli moja ya risasi na asidi ina volti 2.1 hivi, na betri ya gari ya zamani ilikuwa na seli tatu. Valvu za redio za magari zikatengenezwa kwa kipimo hicho, kisha nyingine zikafuata, hata zile ambazo hazikuwahi kupanda gari.

Amplifaya iliyokuwa mbele yetu ilikuwa na valvu tano: EL84 mbili za kutoa nguvu, ECC83 mbili za kukuza sauti ndogo, na EZ81 moja ya kuugeuza mkondo geu uwe mkondo wa upande mmoja. Kwa mujibu wa vitabu vya watengenezaji, hita ya EL84 hula ampea 0.76, ya ECC83 ampea 0.3 ikiunganishwa kwa volti 6.3, na ya EZ81 ampea 1. Jumla yake ni ampea 3.12. Mkondo huo ni mkubwa kuliko wanafunzi wanavyodhania. Kwingineko ndani ya amplifaya hiyo hupita miliampea tu, na kwa volti mamia. Lakini katika nyaya za hita hupita ampea nzima nzima zikisukumwa na volti sita. Palipo na mkondo mwingi na volti chache, ukinzani mdogo sana huweza kuleta hasara kubwa. Karibu kila taabu nitakayoitaja hapa inatokana na jambo hilo.

Soketi tupu

EL84 moja haikuwaka. Nilizima mashine, nikaichomoa valvu, nikawasha tena na kupima volti kati ya tundu la 4 na tundu la 5 la soketi, ambamo miguu ya hita huingia. Mita ikaonyesha 6.3. Nikajenga hoja iliyoonekana haina dosari: umeme unafika kwenye soketi, valvu haiwaki, basi mbovu ni valvu. Nikaitupa. Nyingine ilipofika baada ya majuma mengi, nayo haikuwaka. Nikaipima tena soketi tupu, nikapata 6.3 tena, nikamlaumu muuzaji, nikaitupa na ya pili.

Nilipokuwa nikiandika barua ya kuagiza ya tatu, msichana mmoja wa chama chetu cha sayansi aliniuliza: "Mwalimu, kama uzi wa ndani umekatika, si ukinzani wake ungekuwa hauna mwisho? Mbona hatujaupima?" Sikuwa na jibu. Tulikwenda jalalani. Valvu moja ilikuwa imekwisha kuvunjika, nyingine tuliikuta nzima katikati ya karatasi. Tukaipima kati ya mguu wa 4 na wa 5, mita ikaonyesha omu 1.9. Tulipozigusanisha nyaya za mita zenyewe tulipata omu 0.4, kwa hiyo hita ilikuwa na omu 1.5. Uzi haukuwa umekatika hata kidogo.

Papo hapo ukazuka ubishi wa pili, ambao ulinifurahisha kuliko wa kwanza. Mvulana mmoja alikuwa amegawanya 6.3 kwa 0.76 na kupata omu 8.3, akasema hita yenye omu 1.5 bila shaka imeshikana ndani. Hesabu yake ilikuwa sawa. Alichosahau ni kwamba Sheria ya Omu, jinsi tunavyoifundisha, hudai joto lisibadilike, na hita huanza ikiwa na joto la chumba na kuishia ikiwa nyekundu. Ukinzani wa tangsteni huongezeka kadiri uzi unavyopata moto. Katika hita za valvu, ukinzani wa ubaridi ni kama sehemu moja kwa tano au sita ya ukinzani wa moto. Omu 8.3 za moto hutupa omu 1.5 hivi za baridi, yaani kile kile tulichokipima. Ninaamini hakuna jaribio la shule linaloonyesha jambo hili waziwazi zaidi, wala kwa gharama ndogo zaidi.

Lilibaki swali la mita. Ikiwa valvu ni nzima, na soketi ina volti 6.3, giza linatoka wapi? Jibu ni kwamba soketi tupu haina kazi yoyote ya kufanya. Mita za siku hizi zina ukinzani wa omu milioni 10 au karibu na hapo, kwa hiyo hazivuti mkondo wa kutajika. Tuseme mahali fulani njiani pana kiungo kibovu chenye omu 30. Pasipo mkondo, kiungo hicho hakiangushi volti yoyote, na mita huziona 6.3 zote. Lakini mara valvu inaporudishwa, mkondo hupita katika omu 30 za kiungo na omu 1.5 za hita baridi: 6.3 ikigawanywa kwa 31.5 hutoa ampea 0.2, nayo hita hubakiwa na volti 0.3 tu. Haiwezi kuwaka. Tuliirudisha valvu mahali pake, tukaigeuza amplifaya na kupima kwa chini, kwenye vishikio vya soketi, mashine ikiwa imewashwa. Mita ilionyesha volti 0.3.

Ubovu wenyewe ulikuwa lehemu ya kishikio cha 5. Ilikuwa na ufa mwembamba uliouzunguka waya kama pete, na ndani ya ufa kutu ya kijani ambayo hewa ya chumvi ya pwani huwapa watu wote bure. Tuliikwangua, tukalehemu upya, na baada ya nusu dakika EL84 iliyotoka jalalani ikawa na wekundu wake. Nadhani kazi yote ilichukua dakika kumi. Ile barua sikuituma.

Kiungo cha omu 30 angalau hujionyesha kwa giza. Kilicho cha hila zaidi ni kiungo cha omu 1. Hapo valvu huwaka, lakini kwa unyonge: omu 9.3 kwa jumla, mkondo wa ampea 0.68 hivi, na hita hupata volti 5.6 badala ya 6.3. Upungufu huo ni kama asilimia 11, nje ya mipaka ambayo watengenezaji waliiruhusu. Sauti hufifia na kukwaruza, na fundi husema valvu imezeeka. Huenda kweli kathodi ikaharibika, kwa maana kathodi inayodaiwa elektroni huku ikinyimwa joto haidumu. Kwa hiyo kipimo cha volti za hita hakina budi kufanywa valvu ikiwa ndani ya soketi na imekwisha kupata moto, tena kwenye miguu yake hasa. Kipimo cha soketi tupu huthibitisha jambo moja tu, kwamba waya haujakatika kabisa.

Hapa sharti niwatahadharishe walimu wenzangu. Volti 6.3 haziumi, lakini sentimita mbili kutoka hapo pana volti 300 ambazo huua. Katika amplifaya ya namna hii, tulipima hita kwanza tukiwa tumeichomoa EZ81. Ikiondolewa hiyo, umeme mkubwa wa upande mmoja hauendi popote. Hata hivyo soketi yake yenyewe hubaki na volti kali za transfoma, na kapasita zinaweza kutunza umeme muda mrefu baada ya plagi kutolewa, hivyo ni lazima zimwagwe umeme wake kupitia rezista na kupimwa. Mashine ikiwashwa huku imefunguliwa, mkono unaoshika mita uwe wa mwalimu, na ule mwingine uwe mfukoni. Wanafunzi waandike tarakimu.

Redio ya mzee

Kosa la pili nitakalolieleza halikuwa langu, na madhara yake yalikuwa makubwa zaidi. Babu wa mwanafunzi wetu mmoja alituletea redio aliyoinunua ujanani kwa fedha ya korosho. Ilikuwa ya aina isiyo na transfoma, yenye valvu tano za jamii ya U: UCH42, UF41, UBC41, UL41 na UY41. Katika redio hizo hita zimeungwa moja baada ya nyingine kama shanga katika uzi, na mkondo mmoja wa ampea 0.1 hupita katika zote. Volti zake ni 14, 12.6, 14, 45 na 31, jumla 116.6. Umeme wa nyumbani ukiwa volti 230, zinabaki 113.4 ambazo lazima ziangushwe mahali fulani. Kazi hiyo hufanywa na rezista kubwa ya kauri. Mwanafunzi anaweza kuikadiria bila kuiona: 113.4 kugawanya kwa 0.1 ni omu 1,134, na joto linalotoka humo ni wati 11.3. Rezista inayochemka hivyo miaka mingi ndani ya sanduku la mbao ina haki ya kukatika kabla ya valvu.

Ilikuwa imekatika, na valvu zote tano zikawa giza. Fundi aliyeitengeneza kabla yetu aliiona rezista hiyo, akaziunga ncha zake mbili kwa kipande cha waya ili umeme upite. Umeme ukapita. Mzee alitusimulia kwamba valvu ziliwaka kwa mwanga mweupe ambao hajapata kuuona, kisha zikazimika. Fundi akatafuta iliyoungua, akaweka nyingine. Nayo ikaungua. Akaweka tena. Baada ya valvu tatu alimwambia mzee kwamba redio imekwisha, na mzee alilipa kwa kila jaribio.

Tuangalie waya ule ulifanya nini. Ukinzani wa hita zote tano zikiwa moto ni omu 1,166. Zikiwa baridi ni kama sehemu ya sita ya hiyo, tuseme omu 194. Rezista ikiwapo, mkondo wa mwanzo ni 230 kugawanya kwa 1,328, yaani ampea 0.17, nao hushuka polepole hadi 0.1. Rezista ikiondolewa, mkondo wa mwanzo ni 230 kugawanya kwa 194, yaani karibu ampea 1.2, mara kumi na mbili ya unaotakiwa. Hita iliyo dhaifu kuliko zote hukatika. Ikikatika, mfululizo wote hukatika pamoja nayo, na nyingine nne huokoka. Valvu ya kwanza kuungua ilikuwa imefanya kazi ya fyuzi. Kila mara fundi alipoweka valvu mpya alikuwa akiondoa fyuzi iliyoungua na kuweka nyingine, bila kuuliza kilichoiunguza.

Katika redio ya namna hii kuitafuta hita iliyokatika hakuhitaji umeme wa ukutani hata kidogo, na kwa maoni yangu usitumike. Chasisi ya redio isiyo na transfoma imeungana moja kwa moja na upande mmoja wa umeme wa nyumbani. Plagi ikigeuzwa, chuma chote kina volti 230. Najua mafundi wa zamani walikuwa wakipima volti za kila hita redio ikiwa imewashwa, kwa kuwa ile iliyokatika huonyesha volti zote 230 na nyingine huonyesha sifuri. Njia hiyo ni ya kweli, na kwa mwanafunzi ni ya hatari isiyo na faida. Sisi tuliukata waya wa plagi kabisa, tukazichomoa valvu zote na kuzipima baridi. UL41, ambayo ni omu 450 ikiwa moto, tulitarajia ionyeshe omu 75 hivi. UY41 omu 52 hivi. UCH42 na UBC41 omu 23 kila moja. UF41 omu 21. Valvu mbili zilikubaliana na makadirio. Tatu hazikuonyesha chochote.

Mvumo

Si kila ubovu wa hita huleta giza. Ganda jeupe la alumini linapopasuka, umeme wa hita huvuja kuingia katika kathodi, na amplifaya huvuma. Mtu akisikia mvumo husema kapasita zimekauka, na mara nyingi husema kweli. Lakini sikio lenyewe linaweza kuamua. Umeme wetu hubadilika mara 50 kwa sekunde, na hita hulishwa umeme huo huo, kwa hiyo mvumo wa hita ni wa hezi 50. Mvumo wa kapasita katika amplifaya ya namna hii ni wa hezi 100, maana EZ81 hutumia nusu zote mbili za wimbi. Sauti hizo mbili ni noti moja, ila moja ni ya chini na nyingine ya juu, kama baba na mtoto wakiimba pamoja. Waimbaji wa kwaya katika chama chetu walizitofautisha mara moja. Mimi nilihitaji muda.

Hapa ndipo kubadilishana valvu kunaporuhusiwa. Amplifaya yetu ilikuwa na ECC83 mbili zilizo sawa. Tulizihamisha, ya kwanza ikakaa mahali pa ya pili, na mvumo ukapungua sana, kwa kuwa valvu inayovuja sasa ilikuwa mahali ambapo sauti yake haikuzwi tena kwa kiasi kile. Hilo ni jaribio lenye ushahidi: kitu kimoja kimebadilishwa, vingine vyote vimebaki, na jibu lilitabiriwa kabla. Kuweka valvu mpya kwa kubahatisha hakufanani nalo hata kama mikono hufanya kazi ile ile. Kumbuka pia kwamba mita peke yake ingeweza kutudanganya, kwa kuwa uvujaji kati ya hita na kathodi mara nyingi hutokea zikiwa moto tu. Valvu baridi huonekana safi.

Kama mvumo hauhami na valvu, atazamwe mshipi wa hita wenyewe. Nyaya za hita haziachwi zikielea; katikati ya transfoma huungwa na chasisi, au huwekwa rezista mbili ndogo, kwa kawaida za omu 100 kila moja, kutoka kila waya hadi kwenye chasisi. Moja ikiungua, usawa hupotea na amplifaya nzima huvuma.

Kuna jambo dogo linalowatia hofu wasiojua. Baadhi ya ECC83 za zamani hutoa mmweko mkali wa mwanga mara tu zinapowashwa, kisha hutulia. Ni kipande cha hita kilicho nje ya mrija kinachopata moto kabla ya kingine. Zimetupwa valvu nzuri kwa sababu hiyo. Kinyume chake, doa la kifedha ndani ya kioo likigeuka jeupe kama chaki, hewa imeingia, na hiyo hata hita ikiwa nzima haina matumaini.

Nimesikia wenzangu wakisema kwamba haya yote ni mambo ya makumbusho, na kwamba muda wa mwanafunzi ungetumika vyema zaidi katika vyombo vya leo. Nawaheshimu, lakini sikubaliani nao. Bomba la eksirei la hospitali hutoa elektroni zake kutoka katika uzi wa tangsteni uliopashwa moto, leo kama zamani. Ndani ya jiko la maikrowevu imo valvu iitwayo magnetroni, ambayo uzi wake hupitisha ampea zipatazo kumi kwa volti tatu na kidogo, nayo husumbuliwa na ugonjwa ule ule wa viungo vilivyolegea na kuungua. Jiko hilo halipaswi kufunguliwa na mwanafunzi wala na mwalimu, kwa kuwa umeme wake ni wa kuua. Amplifaya ya ukumbini ndiyo inayotuwezesha kuyaona mambo hayo kwa macho, kioo kikiwa wazi na hesabu ikiwa ya kidato cha tatu.

Wengine huuliza kama haifai kuziacha valvu zikiwaka daima, maadamu mkondo wa mwanzo ni mkali hivyo. Swali hilo lilipata kuulizwa kwa uzito mkubwa wakati wa vita. Tommy Flowers, mhandisi wa Posta ya Uingereza, alipopendekeza Colossus, mashine ya hesabu yenye valvu zaidi ya elfu moja iliyoanza kazi Bletchley Park mwaka 1944, wakubwa wengi hawakuamini kwamba valvu nyingi hivyo zingeweza kufanya kazi pamoja bila kuungua. Yeye alijua kutokana na simu kwamba valvu zisipozimwa-zimwa hudumu, na mashine ikaachwa ikiwaka. Kwa amplifaya ya shule inayotumiwa saa mbili kwa juma ushauri huo haufai, maana kathodi nayo huchakaa kwa saa inazokaa moto. Linalofaa zaidi ni kutazama transfoma imefungwa kwenye kipimo gani. Iliyofungwa kwa volti 220 ikilishwa 240, hita za 6.3 hupata karibu 6.9, nyongeza ya asilimia 9 kila siku. Ya kwetu ilikuwa hivyo hivyo. Skurubu moja ilihamishwa, na hapakuhitajika valvu mpya.

Amplifaya sasa iko ukumbini. Chama cha sayansi kina daftari ambamo kila valvu ya shule imeandikiwa omu zake za baridi na volti zake za moto, na hapana valvu inayotoka ghalani wala kwenda jalalani bila tarakimu hizo mbili na sahihi ya mwanafunzi aliyezipima. Redio ya mzee ingali juu ya rafu ya maabara, ikiwa na valvu mbili kati ya tano na rezista mpya ya omu 1,134 iliyotengenezwa kwa kuunga rezista nne, zenye uwezo wa wati 20 kwa jumla. Haijawashwa. Nimemwambia mzee kwamba valvu tatu zinatafutwa, na kwamba zikipatikana nitaiwasha mimi, kupitia transfoma ya kutenganisha, yeye akiwa amekaa mbali kidogo. Ameuliza kama safari hii atalipa kwa kila jaribio.